Kabla hujamshika mgonjwa mkono

Kuna lawama ambazo kwetu hazifutiki, na mojawapo ni hii: "Nililazwa wiki mbili, hukuja hata kunijulia hali." Mtu anaweza kusamehe deni au kusahau ugomvi wa mpaka wa shamba, lakini aliyelala kitandani hukumbuka kila aliyekuja na kila ambaye hakuja. Waislamu wanafundishwa kwamba kumtembelea mgonjwa ni haki ya Muislamu juu ya mwenzake. Wakristo wanalikuta jambo hilohilo katika Injili ya Mathayo. Vikoba, jumuiya ndogondogo, majirani wa mtaa mmoja na wafanyakazi wa ofisi moja huchangishana nauli, wakanunua machungwa na juisi, wakaenda hospitali kwa kundi.

Tena kwetu kumwona mgonjwa si salamu tu. Katika wodi nyingi za hospitali za umma, ndugu ndiye jiko, ndiye dobi, ndiye tarishi wa duka la dawa. Analeta uji wa asubuhi kwenye chupa ya chai na wali kwenye hotpoti. Anamwogesha mgonjwa, anabadilisha shuka, anamwaga mkojo, anapeleka sampuli maabara na kufuatilia majibu. Usiku muuguzi mmoja anaweza kuwa na wodi nzima mikononi mwake. Ukimwondoa ndugu, kuna mgonjwa atakayelala na njaa.

Nimeanza na hilo kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu sheria za kutembelea wagonjwa humchukulia mgeni kama kero, mtu wa kuzuiwa. Mimi ninaziunga mkono sheria hizo, na nitaeleza sababu. Lakini ninaamini pia kwamba zinavunjwa kila siku kwa sababu moja iliyo wazi: haziambatani na maelezo. Mlinzi getini anasema muda umekwisha. Ubao ukutani unasema watoto hawaruhusiwi. Ndani ya wodi sauti inapazwa: "Ndugu wote nje!" Hakuna anayesema kwa nini, na mtu mzima asiyeambiwa sababu hutafuta mlango wa nyuma, au huingiza mkono mfukoni kumtafutia mlinzi kitu kidogo.

Sababu zipo, na haziudhi ukizisikia. Asubuhi madaktari hupita kitanda kwa kitanda, na hapo mgonjwa huulizwa habari za choo chake, hedhi yake, au ugonjwa ambao hajamwambia hata mkewe. Hayo hayasemwi mbele ya ndugu wa jirani. Kisha kuna kusafisha vidonda na kupiga deki sakafu. Kuna dawa za saa maalumu. Kuna usingizi, ambao kwa aliyetoka kupasuliwa ni sehemu ya tiba. Ndiyo maana hospitali nyingi hugawa saa za kuona wagonjwa katika vipindi vifupi vya alfajiri, mchana na jioni. Lakini sababu inayonishughulisha zaidi leo haionekani kwa macho. Ni vimelea vinavyoingia na kutoka na sisi.

Tuufuate mkono mmoja wa mgeni mwema, saa za jioni. Umeshika bomba la daladala lililoshikwa na mamia ya watu tangu alfajiri. Umepokea chenji ya noti chakavu. Umesukuma mlango wa wodi, ukashika ukingo wa chuma wa kitanda, kisha umemshika mgonjwa mkono, mkono uleule wenye kanula iliyofungwa kwa plasta, mahali ambapo sindano imefungua njia hadi kwenye damu. Umemnyooshea shuka. Umesogeza mpira wa mkojo uliokuwa umejikunja, kwa nia njema. Halafu, kwa kuwa mgeni huyu ni mtu aliyelelewa vizuri, haoni vema kumsalimia wake peke yake. Anageukia kitanda cha pili: "Pole sana, baba." Anashika mkono. Kitanda cha tatu: "Pole, mama, unaendeleaje?" Anashika mkono. Anamalizia kona nzima, anarudi kwa ndugu yake, anafungua kapu, anamenya chungwa na kumlisha kipande kwa kipande kwa vidole.

Kila alichofanya ni adabu, na ndiyo adabu tunayowafundisha watoto wetu. Lakini katika dakika kumi hizo, mkono huo umetoka nje hadi kwenye mshipa wa mgonjwa mmoja, umepita kwa wagonjwa wengine watatu au wanne, na umerudi mdomoni mwa yule wa kwanza. Kama kitanda cha tatu kina mtu mwenye kidonda chenye usaha uliosababishwa na bakteria sugu, kapu la machungwa halikuja na matunda peke yake. Na mgeni mwenyewe anaondoka na mkono huohuo kwenda nyumbani, kwa mtoto wake.

Wahubiri na waombezi nao wako katika njia hiyohiyo. Wapo wanaopita wodi nzima wakiweka mkono juu ya paji la uso la kila mgonjwa. Siwakatazi kuomba, na nimewaona wagonjwa wakifarijika kweli. Ninachosema ni kwamba mkono ukitoka kitanda kimoja upite kwenye sabuni kabla ya kufika cha pili. Vinginevyo dua isomwe kwa sauti ya chini, mkono ukiwa kifuani. Salamu ya mkono kifuani tunayo siku nyingi, hasa watu wa pwani, na haimpunguzii mtu heshima.

Mgeni asidhani kwamba anaonewa. Waliokuwa wa kwanza kunyooshewa kidole katika jambo hili walikuwa madaktari wenyewe. Katika miaka ya 1840, hospitali kuu ya Vienna ilikuwa na kliniki mbili za wazazi. Moja ilihudumiwa na wakunga, nyingine na madaktari pamoja na wanafunzi wao. Mwaka 1846, katika kliniki ya madaktari, wazazi zaidi ya 10 kati ya kila 100 walikufa, wengi kwa homa ya uzazi. Kwa wakunga hawakufika 3. Wajawazito walijua tofauti hiyo, na wengine walilia wasipelekwe upande wa madaktari. Ignaz Semmelweis, daktari kijana kutoka Hungaria, alihangaika na swali hilo hadi mwaka 1847, mwenzake Jakob Kolletschka alipochomwa na kisu wakati wa kupasua maiti, akafa kwa dalili zilezile za wazazi. Hapo Semmelweis akaelewa: madaktari na wanafunzi walikuwa wanatoka chumba cha maiti na kwenda moja kwa moja kuzalisha, na wakunga hawakuwa wanapasua maiti. Akaagiza kila mtu anawe kwa maji yenye klorini. Mwaka uliofuata vifo katika kliniki hiyo vilishuka hadi wazazi wapatao 1 kati ya 100.

Wakubwa wake hawakumpenda kwa hilo. Kumwambia daktari kwamba mikono yake inaua lilikuwa tusi. Semmelweis alifariki mwaka 1865 bila kuheshimiwa na wengi, na elimu ya vijidudu ilikuja kuthibitisha maneno yake baadaye. Ninamtaja kwa sababu tatizo lake bado tunalo: sayansi ya kunawa ni nyepesi, kazi ngumu ni kumwambia mtu mwenye hadhi, au mwenye mapenzi, kwamba mikono yake inaweza kudhuru.

Ukubwa wa tatizo unajulikana. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilieleza mwaka 2022 kwamba kati ya wagonjwa 100 wanaolazwa kwa matibabu ya kawaida ya hospitali, 7 katika nchi tajiri na 15 katika nchi za kipato cha chini na cha kati hupata angalau ambukizo moja wakiwa hukohuko hospitali. Mmoja kati ya 10 wa hao hufariki. Shirika hilo linasema sehemu kubwa ya maambukizi hayo, hadi asilimia 70, yangeweza kuzuiwa kwa unawaji wa mikono na hatua nyingine za gharama nafuu.

Na wala tusidhani haya ni mambo ya makaratasi ya WHO huko Geneva. Watafiti waliowafuatilia watoto 1,828 waliolazwa hospitali ya Muhimbili kati ya 2001 na 2002, na kuchapisha matokeo mwaka 2007, walikuta kwamba bakteria wa kundi liitwalo gramu-hasi walipoingia kwenye damu, zaidi ya watoto 43 kati ya 100 walifariki. Kwa watoto wenye malaria katika utafiti huohuo, idadi ilikuwa 20 kati ya 100. Bakteria wasiosikia dawa walionekana kuongeza hatari ya kifo. Siku hizi tunaliita tatizo hilo UVIDA, usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na hospitali ni mojawapo ya maskani yake, kwa kuwa hapo dawa kali hutumika kila siku na miili dhaifu imelala karibukaribu.

Kukaribiana huko nako kusemwe wazi. Pale ambapo wagonjwa wawili wanalala kitanda kimoja mzungu wa nne, miguu ya mmoja kichwani kwa mwingine, hakuna sheria ya mgeni itakayowaokoa. Vitanda na nafasi ni kazi ya serikali, na hatuwezi kumbebesha bibi mwenye kapu dhambi ya wodi iliyofurika.

Magonjwa hayasafiri kwa njia moja, na hapa ndipo maelezo ya wodini yangesaidia kuliko amri. Kifua kikuu husafiri kwa hewa. Mgonjwa akikohoa, chembechembe zinaweza kuelea kwa saa kadhaa katika chumba kilichofungwa. Ndiyo sababu muuguzi anagombana na wanaofunga madirisha eti mgonjwa asipigwe na baridi. Dirisha lililo wazi ni kinga yako wewe uliyekaa karibu naye. Hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha mkoani Kilimanjaro, imekuwa ikiwapokea wagonjwa wa kifua kikuu tangu 1926, enzi ambazo hewa safi, mapumziko na chakula ndivyo vilikuwa karibu tiba yote. Dawa zilipopatikana dirisha halikupoteza kazi. Barakoa ya kawaida humfaa zaidi mgonjwa anayekohoa, avae yeye, ili chembe zisitoke. Haimpi mgeni kinga ya kutosha dhidi ya kifua kikuu.

Kwa kipindupindu na magonjwa mengine ya kuhara, mambo ni tofauti: hatari iko kwenye ndoo, shuka, choo na mikono. Kuna jambo ambalo tangu siku za Uviko watu wengi wamelichanganya. Kitakasa mikono cha spiriti ni kizuri na cha haraka, lakini mikono yenye uchafu unaoonekana haitakasiki nacho, na baadhi ya vimelea vya kuhara havifi kwa spiriti. Hapo ni maji tiririka na sabuni, kati ya sekunde 40 na 60, viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, kidole gumba, chini ya kucha. Kitakasa kinahitaji sekunde 20 hadi 30, mikono ikisuguliwa mpaka ikauke yenyewe. Na glavu si mbadala wa kunawa. Mwenye glavu anayegusa kitanda hiki na kile anafanya alichofanya mkono mtupu, tofauti ni kwamba sasa hana wasiwasi.

Kichanga ana habari yake. Mtoto njiti amezaliwa kabla kinga ya mama haijamfikia yote, na ngozi yake ni nyembamba. Mafua yanayomtoa mtu mzima machozi kidogo yanaweza kumfikisha yeye kwenye mashine ya kupumua. Ndiyo maana wodi za vichanga hufunga mlango kuliko nyingine, wakati ambapo ukoo mzima unataka kumwona. Niliwahi kumshuhudia muuguzi mmoja akilishughulikia hilo kwa namna ambayo ningependa ifundishwe vyuoni. Bibi alikuja mbio na kanga mpya ya kumfunikia mjukuu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kumpakata mjukuu."

"Hongera sana. Tuanzie hapa bombani, bibi. Huyu bado kinga yake ni ndogo, hata mimi simgusi kabla sijanawa."

Akafungua bomba, akanawa yeye kwanza, bibi akimwangalia. Bibi akavua bangili na pete, akanawa hadi kwenye vifundo, akauliza kama inatosha. Kisha akageuka kwa mabinti waliokuwa nyuma yake na kuwaambia nao wavue pete. Kanga mpya ilirudi nyumbani kufuliwa kwanza. Kilichofanya kazi pale ni yale maneno "hata mimi". Bibi hakuambiwa kwamba ni mchafu, alikaribishwa katika utaratibu ambao muuguzi mwenyewe anaufuata.

Yapo magonjwa ambayo kwayo kosa dogo huandika historia. Mwaka 1976 huko Yambuku, kaskazini mwa Zaire ya wakati huo, hospitali ndogo ya misheni ilikuwa ikitoa sindano tano kwa siku kwa ajili ya wagonjwa wote wa nje, zikisuuzwa tu kati ya mgonjwa mmoja na mwingine. Ebola ikapita humo. Katika mlipuko ule watu 318 waliugua na 280 walifariki. Kati ya watumishi 17 wa hospitali hiyo, 11 walikufa, na hospitali ikafungwa. Hapa kwetu Tanzania, Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa mkoani Kagera. Watu 9 waliugua, 6 wakafariki, na wawili kati ya waliougua walikuwa wahudumu wa afya. Januari 2025 ugonjwa huo ukarudi mkoani humo, safari hii Biharamulo, ukaua wote 10 waliohesabiwa kuugua. Virusi hivi huambukiza kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa maiti, na wanaogusa ni wanaouguza: mke, mama, muuguzi. Wanaambukizwa kwa sababu hawakumkimbia mgonjwa.

Basi je, dawa ni kuwafungia ndugu nje kabisa? Wenzetu wa mashariki mwa Kongo walilipitia swali hilo kwa uchungu. Mlipuko wa Ebola ulioanza Agosti 2018 Kivu Kaskazini na kuenea hadi Ituri uliendelea karibu miaka miwili. Watu 3,470 waliugua na 2,287 wakafariki. Mwanzoni familia nyingi ziliona mgonjwa anaingizwa nyuma ya uzio na watu waliofunikwa mwili mzima, kisha anatoka maiti ndani ya mfuko. Kati ya hapo hawakuona kitu. Uvumi ukajaza pengo hilo, katika eneo ambalo tayari lilikuwa limechoshwa na vita na kutoaminiana. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto.

Lakini palikuwa na jaribio jingine ambalo linastahili kujulikana zaidi. Mjini Beni, shirika la tiba la ALIMA lilileta vyumba vya plastiki inayoonyesha, vyenye mikono ya glavu iliyojengwa ukutani. Mhudumu aliweza kumtibu mgonjwa akiwa nje, bila vazi lile la kutisha, na ndugu aliweza kusimama hatua chache tu, akamwona mgonjwa wake uso kwa uso, wakaongea. Mama alimwona mwanawe akinywa uji. Sheria ya kutogusa haikulegezwa hata kidogo, ila familia ilipewa kuona. Kwangu huo ni ushahidi mkubwa kuliko hoja yoyote kwamba tahadhari na mapenzi vinaweza kukaa chumba kimoja, mradi kuna mtu aliyejisumbua kufikiria namna.

Hospitali zetu hazihitaji plastiki ya Beni kwa wagonjwa wa kila siku. Zinahitaji kumtambua mwuguzaji, yule ndugu mmoja anayebaki na mgonjwa, kuwa sehemu ya kazi. Siku mgonjwa anapolazwa, muuguzi wa zamu akae naye dakika kumi. Amwonyeshe bomba liko wapi. Amwonyeshe kumwaga mkojo bila kuinua mfuko juu ya usawa wa kiuno cha mgonjwa, maana mkojo ukirudi nyuma hurudi na bakteria. Amwambie asifungue bandeji kuchungulia kidonda, asiguse dripu, asiweke hotpoti sakafuni karibu na ndoo ya choo, asikae kitandani kama kuna stuli. Amweleze ni lini aite msaada. Dakika hizo zitarudi kwa muuguzi huyohuyo, kwa kuwa atakuwa amepata msaidizi badala ya mtu wa kufukuzana naye.

Na bomba lenyewe litoe maji. Hakuna jambo linalovunja hoja ya daktari kama ubao wa "Nawa mikono" uliotundikwa juu ya sinki kavu. Pale maji yanapokatika, ndoo yenye koki na kipande cha sabuni kilichofungwa kwenye wavu ni kitu cha bei ndogo. Kitakasa nacho si lazima kinunuliwe madukani. WHO ilitoa bure kanuni ya kukitengeneza kwa ethanoli, haidrojeni peroksaidi, gliserini na maji yaliyochemshwa na kupozwa, na famasia ya hospitali inaweza kukichanganya. Bajeti ya hospitali ya wilaya iwe na fungu la sabuni linalojulikana, na kamati ya afya ya kituo, ambamo wananchi wana wawakilishi, iulize kila kikao limetumikaje.

Upande wetu, wageni, kazi si kubwa. Mwenye mafua, homa, kuhara au jipu abaki nyumbani apige simu, na familia isimhesabie kosa. Waingie wawili wawili, wengine wangoje nje ya wodi. Watoto wadogo waachwe nyumbani, wamwone baba kwa video. Simu ifutwe kwa kitambaa chenye spiriti, kwa sababu inatoka kitandani ikaenda shavuni. Chakula kije kimefunikwa, kikiwa cha moto, na kilichobaki kirudi badala ya kulazwa kabatini hadi kesho. Matunda yaoshwe kabla ya kumenywa. Nguo za mgonjwa zenye damu au choo zifungwe kwenye mfuko peke yake, zilowekwe kwenye maji yenye klorini, zifuliwe kando na za watoto.

Linabaki la mgonjwa mwenyewe. Kwa adabu zetu ni vigumu aliyelala kumwambia baba mkwe aliyesafiri usiku kucha kutoka Singida kwamba anawe kwanza. Asiachiwe yeye mzigo huo. Mwuguzaji asimame mlangoni na kitakasa mkononi, ampokee mgeni kapu, amtilie matone viganjani huku akimwamkia, na baba mkwe atanyoosha mikono yote miwili kama anavyoinyoosha nyumbani anapoletewa birika na beseni kabla ya kula.